Ng'ombe Aliyeitwa Mpangaji

Nyumba ninayokaa hadi leo iko upande wa juu wa Karatu, kwenye udongo mwekundu wenye changarawe. Mvua inyeshe itakavyo, maji hupita ubavuni mwake yakaenda zake. Wageni wakikaa barazani wakaiona hali hiyo husema nilikuwa na bahati. Sikuwa na bahati. Niliishia darasa la nne katika shule ya misheni, lakini macho ninayo, na nyumba hii niliichagua kwa macho na miguu yangu mwenyewe, nikisaidiwa na ng'ombe mmoja.

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni Paskalina, binti wa Qamara wa Kansay, katika sisi Wairaqw ambao watu wa madukani wakati ule walituita Wambulu tu. Mume wangu Hilari alikuwa Mnyaturu wa Singida. Alikuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Wazungu huko Oldeani, akanikuta kanisani siku ya Pasaka amevaa koti la kijivu ambalo lilikuwa zuri kuliko makoti yote niliyowahi kuyaona. Baba hakunisamehe. Alisema, "Mwenye kuolewa huolewa na shamba. Wewe umeolewa na koti."

Miaka miwili ya kwanza tulikaa kambini, shambani kwa Mzungu. Kambini chumba ni cha kazi. Kazi ikiisha, chumba nacho kimeisha. Jirani yangu Evarista, mume wake alivunjika mguu, na kabla mguu haujaunga masufuria yake yalikuwa nje kwenye majani, na yeye amekaa pembeni anayalinda. Nilimsaidia kuyabeba. Jioni ile nilimwambia Hilari, "Mimi sitazeekea kambini. Nataka mahali ambapo mtu akitaka kuingia anabisha hodi, na mimi ndiye ninayesema karibu."

Hilari hakuwa mtu wa kubishana. Akaacha kahawa, akapata kibarua cha kutengeneza barabara ya kupanda Ngorongoro, kule juu kwenye msitu na ukungu. Walilala kwenye mahema, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Mimi na mtoto wetu Natalia tukahamia Karatu. Tulipanga chumba kwa Mzee Zaidi, mwenye duka la nguo na chumvi, kwenye ua wa nyuma ya duka. Kodi ilikuwa shilingi kumi na mbili, nyingi kwetu, lakini hatukujua pa kuanzia, na mtu asiyejua pa kuanzia huanzia madukani.

Evarista alikuwa anakwenda kwao Kansay. Nikampa salamu. Nikamwambia, "Mwambie Baba tumepanga nyumba Karatu."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyoleta mambo yote.

Baba yangu Kiswahili alikijua cha kuuzia mbuzi na cha kwenda kwa jumbe. Neno kupanga alilijua, ila alilijua la kazi: kupanga nguzo. Kwetu mtu akianza nyumba hupanga nguzo, moja baada ya nyingine, akazifunga fito, akakandika. Basi alipoambiwa binti yake amepanga nyumba, alielewa kwamba nguzo zimesimama. Na kwa Baba, nyumba isiyo na ng'ombe ndani yake ni banda la kuku.

Alifika siku ya mnada, jua linaelekea kushuka, baada ya kutembea tangu alfajiri. Mbele yake alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mimba ya miezi mitatu. Walipita katikati ya watu mpaka kwenye mlango wa duka, na mtamba akaingiza kichwa ndani.

"Saita," Baba alinisalimu kwa Kiiraqw nilipotoka. Akatazama ua. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, Baba?"

"Nyumba. Nimesikia mmepanga."

"Ndiyo Baba, tumepanga. Ni hii hapa." Nikamwonyesha mlango wa chumba chetu.

Akakigonga kizingiti kwa fimbo yake. "Hii ni ya zamani. Mlizopanga ninyi ziko wapi?"

"Zipi?"

"Nguzo."

Mzee Zaidi alikuwa amesogea, kanzu yake ina vumbi la chumvi. Akadhani anasaidia. "Mzee wangu, karibu sana. Binti yako amepanga kwangu. Kila mwezi ananipa kodi, mimi nampa chumba. Ndiyo kupanga."

Baba akamtazama Zaidi, akanitazama mimi. "Kwa hiyo hii nyumba ni ya huyu?"

"Ni yake."

"Na mtamba wangu nimemleta kwenye nyumba ya huyu?"

Hapo Mama Kuluthumu, mke wa Zaidi, akacheka, kisha akaona sura ya Baba akajifanya anakohoa. Zaidi naye akaona aseme neno la mwisho. "Mzee, mimi nimepangisha watu. Ng'ombe sikumpangisha."

Baba hakupandisha sauti. Alikunywa maji, akakaa kwenye gunia, akasema kwa Kiiraqw ili mimi peke yangu nisikie. Alisema mtamba ameshatembea, hawezi kurudishwa siku hiyohiyo akiwa na mimba. Atabaki. Lakini amemtoa kwa ajili ya nyumba, hakumtoa kwa ajili ya koti wala kwa ajili ya muuza chumvi. "Akizaa nitakuja kuona ndama. Nikimkuta kwenye nyumba ya mtu, nitaondoka nao wawili. Na wewe na mtoto mkitaka mtafuata nyuma yao."

Nilihesabu kwa vidole. Desemba. Nilibakiwa na miezi sita.

Hilari alipokuja mwisho wa mwezi akamkuta mtamba amefungwa nyuma ya stoo, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Natalia, sasa tuko wapangaji wanne." Basi jina likawa hilo. Ng'ombe akaitwa Mpangaji.

Kwa Zaidi alidumu siku tisa. Siku ya tisa alitafuna khanga mpya ya Mama Kuluthumu iliyokuwa imeanikwa, akaacha upindo tu na nusu ya maneno yake. Mama Kuluthumu alinijia na kile kipande mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na nusu alikuwa anacheka. Akasema, "Dada, mimi nakupenda, lakini huyu mwenzio atakula duka." Nikajua imetosha.

Sasa ilibidi nichague. Ukiuliza wanaume wa Karatu wakati ule, mahali pazuri na rahisi palikuwa mahali pamoja tu: Bondeni. Udongo wake mweusi, ardhi tambarare, kisima karibu. Mwaka ule jua lilikuwa limeunguza kila kitu. Watu walikula unga wa njano wa msaada, na Wamaasai walishuka kutoka Ngorongoro na ng'ombe waliobaki mifupa. Lakini Bondeni palikuwa na majani mabichi. Patrisi, mwenzake Hilari kwenye kazi ya barabara, alikuwa na nyumba huko na alitaka kuiuza arudi kwao Dodoma. Bei yake ilikuwa karibu sawa na akiba yetu.

"Imekwisha," alisema Hilari. "Majani yapo, maji yapo, nyumba ipo. Baba mkwe akija anamkuta ng'ombe ndani ya mlango wake."

Nikasema, "Kwanza nikatembee."

Mimi nilikuwa na desturi yangu. Mwenye nyumba sikumwuliza kitu, kwa sababu mwenye nyumba husifu paa. Nilienda kisimani na debe langu, nikapanga foleni na wanawake, nikasikiliza. Kisha nikatembea taratibu katikati ya nyumba, Natalia mgongoni, kama mtu aliyepotea njia. Ndipo nikaona. Nyumba zote za Bondeni, ya Patrisi ikiwa mojawapo, zilikuwa na udongo wa rangi mbili ukutani. Kuanzia chini mpaka magotini udongo mpya, kuanzia magotini kwenda juu udongo wa zamani. Na mpaka kati yao ulikuwa umenyooka, nyumba hadi nyumba.

Nikamwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua nguo. "Dada, mbona kuta zenu zimekandikwa upya hapa chini tu?"

"Ni mbuzi," akasema. "Wanajisugua."

Nilimwambia Hilari. Akasema, "Basi, umesikia, ni mbuzi."

"Mbuzi hawajisugui kwa rula," nikamjibu. "Nunua koti bila kulivaa ukitaka, nyumba mimi nataka nipitishe mvua moja kwanza. Tupange mahali pa bei ndogo, tusubiri, tuone maji yanakwenda wapi."

"Mvua ipi? Mwaka huu mvua imekufa."

"Mvua haifi."

Alikasirika, nami nilikasirika. Alikuwa ameshampa Patrisi neno lake mbele ya watu wa hema, na kwa mwanamume wa Singida neno si jambo la kuchezea. Mwishowe Patrisi akakubali kusubiri hadi Krismasi, siku moja zaidi hapana. Hilari akanipa ruhusa ya kupanga hadi hapo, kwa sharti kwamba mvua isiponyesha tunanunua Bondeni na sitasema neno la mbuzi tena. Nikakubali. Moyoni nilihesabu: Krismasi na ndama vingekuja pamoja. Nikikosea, Baba ataondoka na ng'ombe, na huenda na sisi.

Upande wa juu, mahali ambapo leo pana nyumba nyingi, wakati ule palikuwa na nyumba nne tu na upepo. Pale alikaa mjane mmoja, Mama Mwanamisi, mzaliwa wa Pangani aliyeletwa huku na mume dereva wa lori wakati wa vita. Mume alifariki, yeye akabaki, akawa anapika maandazi na kuyateremsha madukani asubuhi. Watu walimwogopa ulimi. Nilisikia ana chumba na kibanda kitupu, nikapanda na Mpangaji nyuma yangu.

Mama Mwanamisi hakunitazama mimi. Alimzunguka ng'ombe. "Anapiga teke?"

"Hapana, Mama."

"Anakula nguo?"

Nikamtazama Mpangaji. "Moja."

"Ya nani?"

"Ya Mama Kuluthumu."

Akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Ng'ombe nimemkubali. Sasa tuongee habari zenu."

Kodi yake ilikuwa shilingi tano, na kinyesi cha ng'ombe kwa bustani yake. Aliniuliza kwetu wapi, mume yuko wapi, ninaamka saa ngapi. Nilipomwuliza mbona kodi ni ndogo hivyo, akasema, "Kodi ndogo kwa sababu maji yako mbali. Usije ukasema sikukwambia."

Yalikuwa mbali kweli. Chemchemi ilikuwa chini ya mteremko wa pili, na kupanda na debe kichwani ilikuwa kazi ya kuuma meno. Nilichota mara tatu kwa siku, moja yetu, moja ya ng'ombe, moja ya Mama Mwanamisi, kwa sababu goti lake lilikuwa bovu na yeye hakuomba. Wanawake wa Bondeni walinicheka nilipopita na ng'ombe kwenda kumlisha kwenye majani yao. "Mama wa mlimani, umeshuka kutafuta ustaarabu?" Niliwajibu, "Nimeshuka kuwaona mbuzi wenu wa kimo kimoja." Walijua ninachosema.

Mpangaji mwenyewe alinifundisha jambo. Mchana alikula Bondeni akashiba, lakini hakuwahi kulala pale chini. Ng'ombe akishiba hulala acheue. Yeye alisimama, akanyanyua mguu huu, akanyanyua ule, kisha akaanza kupanda mwenyewe, na akifika kwenye changarawe za Mama Mwanamisi anajibwaga kama mtu aliyefika kwake. Chini ya yale majani, pamoja na ukame wote, palikuwa na ubaridi wa maji. Niliingiza mkono kwenye ufa nikaugusa. Sikumwambia Hilari. Angesema sasa namsikiliza ng'ombe.

Oktoba ikapita, anga jeupe. Novemba ikaanza. Hilari alishuka na kuniambia, bila kunikebehi, kwamba Patrisi ameanza kufunga mizigo. Nilisema, "Krismasi haijafika." Lakini siku ile wakati nachota maji nilihisi debe zito kuliko kawaida.

Kisha, Novemba ikielekea kwisha, mawingu yalishuka kutoka msitu wa Ngorongoro kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Waliokuwepo mwaka ule wanakumbuka. Zilikuwa mvua ambazo baadaye watu waliziita mvua za Uhuru, kwa sababu bendera ilipopandishwa Desemba, nchi nzima ilikuwa na matope miguuni. Siku ya nne asubuhi nilitoka nje nikatazama chini. Bondeni palikuwa panang'aa. Nyumba zilisimama ndani ya maji, na watu wametoka na magodoro vichwani wakipanda kuelekea shuleni. Tulishuka kusaidia. Nilipofika nyumba ya Patrisi, maji yalikuwa yamefika magotini. Pale pale kwenye ule mstari. Udongo mpya ulikuwa umeanza kumomonyoka, ule wa juu haukuguswa.

Hilari alifika siku ya sita kwa miguu, kwa sababu barabara yao ilikuwa imekatika vipande vitatu. Hakuja kwanza nyumbani. Alipitia Bondeni. Alipopanda kwetu alikuwa na matope mpaka kiunoni na koti lake begani. Akakaa kwenye kizingiti.

"Mama Natalia," akasema.

"Naam."

"Nimewaona wale mbuzi."

Sikucheka. Nilimpa uji. Nilicheka baadaye, kwa miaka mingi.

Patrisi mwenyewe alimfungua Hilari kwenye neno lake. Alisema hawezi kumwuzia mwenzake ziwa. Lakini sasa hatukuwa na nyumba ya kununua, na Mpangaji alikuwa ameshajaa kiwele. Alizaa wiki ile ile, ndama jike, ndani ya kibanda cha Mama Mwanamisi. Mama Mwanamisi alikuwa amemshikia taa huku akimsomea dua. Ndama akasimama, akanyonya. Mimi nikaanza kulia, na haikuwa furaha.

"Unalilia nini?" akauliza Mama Mwanamisi.

Nikamweleza habari ya Baba. Nilidhani anaijua, kumbe miezi yote ile nilikuwa sijamwambia. Akajipangusa mikono.

"Kuanzia kibanda hiki mpaka ule mti wenye miiba ni kwangu," akasema. "Watu wengi wamekuja kutaka kununua. Kila mmoja nilimwambia apange kwanza. Wote walikimbia umbali wa maji. Mimi sikupangisha kwa ajili ya shilingi tano, mwanangu. Nilitaka kujua nitazeeka na nani ukutani kwangu."

Kumbe wakati mimi naupima mlima, mlima nao ulikuwa unanipima.

Kesho yake tulikwenda kwa jumbe, Hilari amevaa koti. Akiba ilitosha uwanja, haikutosha nyumba. Basi tukakata miti. Mito ilikuwa imejaa kati ya Kansay na Karatu, na kila siku mito ilipojaa mimi nilishukuru, maana ilimzuia Baba. Ardhi ilikuwa laini, mashimo yalichimbika vizuri. Siku tisa baada ya ndama kuzaliwa maji yalipungua, na siku ya kumi, nikiwa nimeshika nguzo huku Hilari anashindilia, nikamwona Baba anapanda mteremko na fimbo yake, blanketi limelowa.

Alikwenda kwanza kwenye kibanda. Alimtazama ndama mdomoni, miguuni, mkiani. Akatoka.

"Hiki kibanda ni cha nani?"

"Cha Mama Mwanamisi," nikasema. Sikumficha.

Akashika kamba ya ng'ombe. Hilari aliweka chini kipande cha mti alichokuwa anashindilia nacho. Mama Mwanamisi alikuwa mlangoni.

"Baba," nikasema, na nilisema kwa Kiswahili, kwa makusudi. "Tumepanga."

"Ulishaniambia hivyo."

"Geuka."

Akageuka. Zilikuwa nguzo saba, kuanzia kona ya kibanda kuelekea mti wa miiba, zimenyooka. Baba aliachia kamba. Alikwenda kwenye nguzo ya kwanza akaishika kwa mikono miwili akaitikisa. Haikucheza. Ya pili. Ya tatu. Alipofika ya tano, ikacheza. Akamtazama Hilari, mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya harusi yetu.

"Hii haikushindiliwa."

"Mvua ilitukuta, Mzee," Hilari akasema.

Baba alichutama, akatafuta jiwe, akaanza kushindilia mwenyewe, pole pole, akizunguka nguzo. Alipomaliza akavua blanketi lake lililolowa, akalitundika juu ya nguzo ile likauke.

"Ng'ombe anaitwaje?" akauliza bila kugeuka.

"Mpangaji," nikasema.

Alifikiri. "Ng'ombe hapangi," akasema. "Leteni nguzo nyingine."